Vikombe vya Kioo Juu ya Nguzo za Simu

Mtu akitaja simu za zamani, wengi wetu hufikiri habari ya waya tu. Twasema: waya ulitoka hapa, ukafika pale, na habari ikapita. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, kwa maana waya peke yake hauwezi kufikisha habari mbali. Ufunge waya mtupu juu ya nguzo za miti, uuvute kilometa mia, halafu mvua ya Maniema inyeshe. Umeme utashuka kwa nguzo ya kwanza, na kwa nguzo ya pili, na kwa nguzo ya tatu. Utaingia udongoni, na yule anayesubiri kule mwisho hatasikia kitu. Kinachozuia hasara hiyo ni kitu kidogo, kiasi cha ngumi ya mtu, chenye umbo la kikombe kilichopinduliwa. Waya hufungwa ubavuni mwake, nacho hukaa juu ya kijiti kilichopigiliwa kwenye nguzo.

Kikombe hicho kina historia yake. Wamo ndani yake wataalamu, lakini wamo pia seremala, na watengenezaji wa kalibu, na vijana wa tanuru ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kiini cha historia hiyo ni shinikizo la chuma lililoweza kufinyanga kioo chenye uvungu ndani. Tutalieleza kwanza shinikizo hilo, na kazi iliyolifanya lihitajiwe. Kisha tutarudi kwetu Kindu, mahali reli inapokutana na mto Lualaba, tuone jinsi jambo hili linavyotuhusu.

Kwa nini kikombe kiwe na uvungu?

Umeme una desturi kama ya maji: hutafuta njia iliyo rahisi ya kushuka ardhini. Shaba na chuma huupa njia nzuri sana. Mti mkavu huupa njia mbaya, lakini mti uliolowa huupa njia ya kutosha. Kioo na kaure huukataa, usipite ndani yake. Vitu vya namna hii mafundi huviita vihami, maana kazi yake ni kuuhami umeme, yaani kuulinda usitoroke.

Basi mtu atauliza: kama kioo hakipitishi umeme, kwa nini tusichukue kipande chochote, hata kitako cha chupa, tukakifunga kwenye nguzo? Jibu ni mvua. Umeme haupiti ndani ya kioo, lakini kioo kikilowa, umeme hutambaa juu yake, katika ule utando mwembamba wa maji na vumbi. Kipande kilicho bapa kikilowa chote huwa daraja kati ya waya na nguzo.

Tazama nyumba yenye upenu mrefu. Mvua hulowesha paa lote, lakini baraza iliyo chini ya upenu hubaki kavu, na wazee huketi hapo wakizungumza mpaka mvua iishe. Kikombe kilichopinduliwa ni vivyo hivyo. Upande wa nje hulowa, lakini upande wa ndani hubaki mkavu. Umeme ukitaka kutoroka, sharti ushuke upande wa nje, uzunguke ukingo, kisha upande tena upande wa ndani mpaka ufike kwenye kijiti. Pale penye ukavu hukwama. Kwa hiyo ule uvungu si pambo wala si njia ya kupunguza uzito. Uvungu ndio kazi yenyewe.

Na mtu asiseme kwamba hasara ya nguzo moja ni ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Tufanye hesabu ya mfano: nguzo zikisimama kila baada ya mita 50, kila kilometa ina nguzo 20, na kilometa 100 zina nguzo 2,000. Kila nguzo ikiiba kidogo tu, mwisho wa njia hakuna kitu kilichobaki. Ndiyo maana mafundi wa zamani walihangaika sana kwa ajili ya vikombe hivi, kuliko hata walivyohangaika kwa ajili ya waya.

Majaribio ya kwanza

Mwaka wa 1843 Bunge la Marekani lilimpa Samuel Morse dola 30,000 ili ajenge simu ya waya kutoka Washington hadi Baltimore, mwendo wa kilometa 64 hivi. Yeye na wenzake walianza kwa kuuzika waya ardhini ndani ya mabomba ya risasi. Fedha nyingi zikatumika, lakini waya haukuhamiwa vizuri, nao umeme ukavuja. Ilibidi waache kuchimba, wasimamishe nguzo, na kuuweka waya hewani juu ya vipande vya kioo. Hapo ndipo kazi ilipofaulu, na tarehe 24 Mei 1844 habari ya kwanza ikapita kati ya miji ile miwili. Mashine ya Morse ilikuwa tayari tangu mbele. Kilichokuwa kimewashinda ni namna ya kuuzuia umeme usitoroke njiani.

Huko Ulaya mafundi walipenda zaidi kaure. Katika nchi ya Prussia, miaka ya 1850, mkuu mmoja wa simu aitwaye Chauvin alieneza kikombe cha kaure chenye kengele mbili, moja ndani ya nyingine, ili ukavu wa ndani uongezeke. Kaure ni nzuri na hudumu, lakini hufinyangwa, hukaushwa, hupakwa rangi ya kung'aa, kisha huchomwa tanuruni muda mrefu. Marekani walikuwa na viwanda vingi vya chupa na bilauri, na nchi yao ilikuwa kubwa, yenye kuhitaji vikombe kwa mamilioni. Kwa hiyo walishika kioo.

Lakini vikombe vyao vya kwanza vilikuwa na ila moja. Tundu la ndani lilikuwa laini. Fundi alikisukuma kikombe juu ya kijiti cha mti, pengine akikaza kwa kitambaa au lami, akashuka akidhani kazi imekwisha. Jua likawaka, mti ukasinyaa. Upepo ukatikisa. Na penye bonde, waya uliokazwa ulikivuta kikombe kwenda juu, kama mkono unaong'oa kizibo cha chupa. Kikombe kikachomoka, waya ukaanguka juu ya mti, na simu ikanyamaza.

Dawa ya ugonjwa huo ilitolewa na seremala. Louis Cauvet, seremala wa New York, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake tarehe 25 Julai 1865. Wazo lake lilikuwa rahisi: kijiti cha mti kikatwe mfereji unaozunguka, kama parafujo, na ndani ya kikombe uwemo mfereji unaolingana nao. Fundi hakisukumi tena kikombe. Hukizungusha mpaka kikaze. Upepo hauwezi kukichomoa, wala waya hauwezi kukinyanyua. Kiwanda cha Brookfield cha huko New York kilishika uvumbuzi huo na kutengeneza vikombe vingi sana.

Wazo likawa rahisi, lakini kulitekeleza kukawa kugumu. Seremala hukata parafujo katika mti kwa chuma chake bila taabu. Je, nani atakata parafujo ndani ya kioo?

Shinikizo lafanya kazi yake

Shinikizo la mkono la kutengenezea vyombo vya kioo lilikuwa limeenea Marekani tangu miaka ya 1820. Kwa hilo walitengeneza sahani, bakuli na vibia kwa bei nafuu. Watu wa Maniema, waliozoea kuona mawese yakikamuliwa na matofali yakipigwa kwenye kalibu, hawatapata shida kulifahamu. Lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kalibu ya chuma, yenye vipande viwili vinavyofunguka kama kitabu; hiyo ni kama kinu. Ya pili ni chuma kinachoshuka katikati. Hicho ni kama mchi. Ya tatu ni wenzo mrefu ambao mtu huuvuta ili mchi ushuke kwa nguvu.

Kazi huanza tanuruni. Mchanga safi, magadi na chokaa huyeyushwa pamoja na vipande vya kioo kibovu, katika moto wa digrii zaidi ya 1,400. Kioo kikiisha kuyeyuka huwa kizito kama asali ya baridi, chenye kuwaka wekundu. Mtu mmoja hutia ufito wa chuma ndani ya tanuru, huuzungusha, akatoa donge la kioo na kulining'iniza juu ya kalibu. Mwingine hulikata kwa mkasi. Hapo jicho lake ndilo mizani: akikata kidogo mno, kikombe hakitakuwa na ukingo kamili, akikata kingi mno, kioo kitabubujika nje. Mara wenzo huvutwa. Mchi huingia katikati ya donge, na kioo, kwa kukosa nafasi, hupanda kando na kujaza pengo lote kati ya mchi na kalibu. Kwa hiyo nje ya kikombe huumbwa na kalibu, na ndani huumbwa na mchi. Uvungu ni alama ya mchi.

Kama tundu ni laini, basi kazi imekwisha: mchi huinuliwa moja kwa moja, kalibu hufunguliwa, na kikombe hutolewa. Lakini mchi ukiwa na parafujo, mambo hubadilika. Ukiuinua moja kwa moja, utararua mfereji wote uliokwisha kuumbwa. Sharti uuzungushe kinyumenyume mpaka utoke. Na wakati wake ni mfupi sana. Ukiuzungusha mapema, kioo bado ni laini, na mfereji utaporomoka. Ukichelewa, kioo kinapopoa hujikunja na kukibana chuma, kikapasuka.

Mtu aliyelitatua jambo hilo vizuri ni Robert Hemingray, mwenye kiwanda cha kioo huko Covington, katika jimbo la Kentucky. Hati yake ni ya tarehe 19 Desemba 1871. Yeye aliitenga ile ncha yenye parafujo na mchi wenyewe. Shinikizo lilishuka na ncha yake, likafinyanga kioo, kisha mchi ukainuliwa na kuiacha ncha ndani ya kikombe. Kwa hiyo shinikizo halikukaa bure likingojea kioo kikauke. Mfanyakazi mwingine aliishika ile ncha na kuizungusha ikatoka kwa wakati wake, na huku kalibu nyingine imekwisha kuwekwa chini ya mchi. Kazi moja ngumu iligawanywa kuwa kazi mbili nyepesi, na hapo ndipo vikombe vilipoanza kutoka kwa wingi na kwa bei ndogo.

Baada ya hapo kikombe hakiachwi kipoe upesi. Kioo kinachopoa nje kabla ya ndani huwa na ugomvi ndani yake, na siku moja hupasuka chenyewe bila kuguswa. Kwa sababu hiyo vikombe hupitishwa katika tanuru ndefu yenye moto unaopungua polepole, mpaka vipoe pamoja, ndani na nje. Ndipo hukaguliwa na kufungwa katika masanduku.

Kiwanda cha Hemingray kilihamia mji wa Muncie, jimbo la Indiana, mwaka wa 1888. Vikombe vyake vingi vilichapwa tarehe nyingine, yaani 2 Mei 1893. Hiyo ni tarehe ya hati ya kuweka meno madogo kwenye ukingo wa chini, ili matone ya mvua yakusanyike kwenye ncha za meno na kuanguka upesi badala ya kubaki ukingoni. Ukipata kikombe cha namna hiyo mkononi, pitisha kidole ubavuni mwake. Utaona mstari mwembamba uliosimama. Ndipo vipande viwili vya kalibu vilipokutana.

Waya wafika katika nchi yetu

Wakati kiwanda kile kilipokuwa kikihamia Muncie, Kongo haikuwa na waya mrefu wa simu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 waya ulivutwa kutoka Boma, karibu na bahari, mpaka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kisha ukaendelea kuufuata mto hadi Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka. Katika nchi za jirani kazi kama hiyo ilikuwa ikifanyika vilevile. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka wa 1879, na tangu mwaka wa 1896 waya ulipanda pamoja na reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria.

Kindu ilipata umuhimu wake kwa njia ya reli. Mwaka wa 1902 Baron Empain wa Ubelgiji aliianzisha kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi C.F.L., na mji wetu uliitwa kwa jina lake, Kindu-Port-Empain, kwa miaka mingi. Mto Lualaba ni njia nzuri ya meli, lakini una maporomoko mahali pengi. Kwa hiyo kampuni ilijenga reli pale tu mto ulipokataa kupitika. Kipande cha kwanza, kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, kilometa 125, kilifunguliwa mwaka wa 1906. Kutoka Ponthierville watu na mizigo walipanda meli mpaka Kindu. Kutoka Kindu reli ya kilometa 355 ilikwenda Kongolo, ikiyapita yale maporomoko yaitwayo Milango ya Jehanamu. Nayo ilimalizika mwishoni mwa mwaka wa 1910. Mwaka wa 1915 reli nyingine kutoka Kabalo ilifika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika.

Fikirini basi hali ya Kindu siku zile. Meli yatoka kaskazini, gari la moshi latoka kusini, nazo hukutana bandarini. Kila moja yapaswa kujua habari za mwenzake. Zaidi ya hayo, reli yenyewe ni njia moja tu. Gari lililotoka Kindu na gari lililotoka Kongolo hayana budi kupishana stesheni, kwa kuwa yakikutana katikati, hakuna pa kukimbilia. Mkuu wa stesheni hawezi kuona kilometa thelathini mbele yake ndani ya msitu. Huuliza kwa waya: Je, njia ni wazi? Naye hungoja jibu kabla ya kuliruhusu gari. Kwa sababu hiyo reli za wakati ule zilifuatana na waya kando yake, na uhai wa abiria ulitegemea jibu lile lifike.

Rudini sasa kwenye hesabu yetu. Kwa nguzo 20 kila kilometa, njia ya kilometa 355 huhitaji vikombe 7,100 kwa waya mmoja. Viwe vya kaure kama walivyopenda watu wa Ulaya, au vya kioo kama walivyopenda watu wa Marekani, sheria ni ile ile: sharti viwe vizima, viwe vikavu ndani, na viwe vimekazwa juu ya vijiti vyake.

Nayo Maniema si mahali pepesi kwa kazi hiyo. Mvua ni nyingi. Miti mikubwa huanguka juu ya waya na kuvunja nguzo kadhaa kwa pigo moja. Majani ya kutambaa hupanda nguzo mpaka yaushike waya, na jani lililolowa ni daraja la umeme kama kidole. Nyigu na buibui hupenda kujenga ndani ya uvungu, na nyumba zao za udongo hufuta kazi yote ya upenu. Wajenzi wa simu katika sehemu nyingi za Afrika walilalamika pia juu ya tembo waliojikuna kwenye nguzo. Kwa hiyo kila njia ya waya ilihitaji watu wa kuifuata kwa miguu, siku baada ya siku, wakifyeka majani na kubadili vikombe vilivyovunjika. Majina ya Hemingray na Brookfield yamechapwa katika kioo. Majina ya wanaume waliobeba nguzo mabegani na kupanda juu yake kwenye mvua hayakuchapwa popote, na bila hao vikombe vingebaki katika masanduku.

Binadamu naye alikuwa na neno lake. Reli ya Mombasa ilipofika katika nchi ya Wanandi, watu walikata waya wa simu wakajifanyia mapambo. Wageni waliwaita wezi. Lakini tuseme kweli: waya ule ulipitishwa katika ardhi yao bila ruhusa yao, ukileta watu waliokuja kuwatawala. Mtu halindi kwa moyo kitu asichoshirikishwa.

Simu ya upepo na vikombe vyake

Kwa sababu ya taabu zile za msitu, serikali ya Ubelgiji ilitafuta njia nyingine. Katika miaka iliyotangulia vita vya 1914, mhandisi Mbelgiji aitwaye Robert Goldschmidt, akiungwa mkono na Mfalme Albert, alisimamia ujenzi wa stesheni za simu ya upepo katika Kongo. Ziliwekwa moja baada ya moja kuufuata mto, toka pwani mpaka Katanga, na Kindu ilikuwa mojawapo. Habari ziliweza sasa kuruka juu ya msitu bila waya, nayo miti ikaanguka itakavyo.

Mtu atasema: basi vikombe vimekwisha kazi. Sivyo. Simu ya upepo hurusha habari kwa waya uliotundikwa juu kati ya milingoti mirefu. Umeme wake una nguvu kubwa kuliko ule wa simu ya waya. Kama waya ule ungefungwa moja kwa moja kwenye mlingoti, umeme wote ungeshuka na mlingoti mpaka ardhini, na upepo usingepewa kitu. Kwa hiyo kila ncha ya waya ilipaswa kushikwa na kihami. Hata ile simu iliyojivunia kutokuwa na waya njiani haikuweza kuacha kile kitu kidogo kinachoukataa umeme.

Mambo yakaendelea hivyo. Umeme wa taa na wa mashine za migodi ulipoenea, nguvu yake ilizidi ile ya simu mara elfu nyingi, na kikombe kimoja hakikutosha. Mafundi wakafanya sahani za kioo au kaure na kuziunganisha kwa vyuma kama shanga katika uzi. Nguvu ikizidi, shanga huongezwa. Tangu miaka ya 1930 walianza pia kukifanya kioo kuwa kigumu zaidi. Sahani ikitoka katika shinikizo ingali ya moto, hupulizwa upepo wa baridi pande zote. Ngozi ya nje hukaza kwanza, na kiini kinapopoa baadaye huivuta ngozi hiyo na kuibana. Ule ugomvi wa ndani ambao wazee wa tanuru waliuogopa, sasa umepimwa na kufanywa nguvu. Sahani ya namna hiyo huvumilia mapigo makubwa, na ikivunjika humomonyoka yote mara moja kuwa vipande vidogo, huku vyuma vyake vikiendelea kuushika waya. Faida yake ni kwamba mlinzi wa njia humtambua mgonjwa akiwa chini: huona pengo katika mnyororo bila kupanda mnara.

Katika nchi yetu mfano mkubwa ni ule mstari wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, uliomalizika mwaka wa 1982. Urefu wake ni kilometa 1,700 hivi, nao ulihesabiwa miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Umeme wake ni wa volti 500,000 juu ya sifuri katika waya mmoja na 500,000 chini ya sifuri katika waya wa pili, na kila mnara huushika kwa minyororo ya vihami. Ulipita juu ya vijiji vingi visivyokuwa na taa hata moja. Baadaye watu waliondoa vyuma vya minara yake, wakavitumia au wakaviuza. Tukumbuke Wanandi na waya wao. Karibu miaka mia ilikuwa imepita, na fundisho lilikuwa bado halijaeleweka: njia inayopita juu ya kichwa cha mtu bila kumfaa haipati mlinzi. Lakini na upande wa pili tuuseme. Chuma kimoja kikitolewa, si tajiri wa mbali peke yake anayeumia. Huumia hospitali iliyo mwisho wa njia, na kinu cha unga, na mtoto asomaye usiku.

Fundisho

Leo watu wa Kindu huzungumza kwa simu za mkononi, na kiwanda cha Muncie kiliacha kutengeneza vikombe vya kioo katika miaka ya 1960. Vile vya zamani hukusanywa na watu wapendao vitu vya kale, wanaovipanga madirishani ili jua lipite katika rangi yake ya samawati na kijani. Lakini kazi yake haijafa. Popote penye waya wa umeme juu ya nguzo, pana kihami chini yake, na mashinikizo yangali yakivifinyanga, ingawa mkono wa mtu hauvuti tena wenzo.

Wahenga walisema: usione wembamba wa reli, gari moshi hupita. Nasi twaweza kuongeza: usione udogo wa kikombe, maelfu yake ndiyo yaliyoshika habari isizame udongoni. Waya hupata sifa kwa sababu hupeleka. Kikombe hakipeleki chochote. Kazi yake yote ni kukataa. Hukaa mahali pake, hulowa nje na kubaki kikavu ndani, na kwa kukataa kwake jibu hufika stesheni, gari hungoja mwenzake lipite, na abiria hufika kwao.

Wazazi na walimu, watoto wanapovilenga vikombe hivyo kwa mawe na manati, waelezeni habari hii. Si kwa fimbo tu, bali kwa kuwaonyesha. Mwambieni mtoto aweke bakuli la bati lililopinduliwa juu ya mpini, alimwagie maji kwa juu, kisha apitishe kidole ndani. Atakuta pakavu. Akiisha kuuona ukavu ule, atajua ni kitu gani ambacho jiwe lake lingevunja.